Paiki wengi, uvuvi hafifu: kulisoma ziwa dogo la kaskazini mwa Minnesota

Ukitaka kujua kama ziwa dogo la kaskazini mwa Minnesota, Marekani, linafaa kwa uvuvi wa ndoana, usianze kwa kuuliza lina samaki wangapi. Uliza wana urefu gani. Idara ya Maliasili ya jimbo hilo huweka matokeo ya upimaji wa maziwa mtandaoni, na anayekimbilia idadi peke yake hupotoka. Ziwa lenye paiki (Esox lucius, samaki mrefu anayewinda samaki wengine) wengi katika kila wavu mara nyingi ndilo litakalokuchosha kutwa nzima kwa samaki wembamba wa sentimita 45.

Paiki hutaga mapema, barafu ikishaondoka tu, kwenye majani yaliyofunikwa na maji ya kina kifupi. Ziwa dogo lililozungukwa na kinamasi lina majani hayo tele, kwa hiyo vifaranga hawakosekani. Wavuvi huwatoa wakubwa, na wadogo wanaobaki wanagombania pechi wa manjano (Perca flavescens) hadi pechi nao wanapungua. Kiangazi huja na shida nyingine: paiki mkubwa hupenda maji baridi, lakini maji baridi yako chini, na huko chini oksijeni imekwisha. Analazimika kukaa kwenye maji ya vuguvugu, anakula kidogo, anadumaa.

Ndiyo maana mwaka 2018 jimbo liligawa sheria za paiki kwa kanda. Ukanda wa kaskazini-kati unaruhusu paiki 10, wasiozidi wawili wenye urefu wa zaidi ya inchi 26, na wote wa inchi 22 hadi 26 (takriban sentimita 56 hadi 66) lazima warudishwe majini. Ukanda wa kaskazini-mashariki ni tofauti kabisa, unaruhusu wawili tu, basi hakikisha ziwa lako liko upande gani na usome kitabu cha kanuni cha mwaka huo. Kwa maoni yangu, anayerudisha kila paiki mdogo kwa huruma analidhuru ziwa. Hao ndio wa kula.

Sasa rudi kwenye ripoti. Jarife la upimaji hulazwa usiku kucha na lina vipande vya matundu ya ukubwa mbalimbali, hivyo linawanasa vizuri paiki, pechi na wolai (Sander vitreus). Samaki aina ya besi haliwakamati ipasavyo, na samaki wadogo waitwao blugili huhesabiwa zaidi kwa nyavu za mtego karibu na ufuko. Sifuri ya besi kwenye jarife si ushahidi kwamba hawamo. Kwa wolai, tazama miaka ya kupandikizwa vifaranga. Kama samaki waliopimwa wote wana umri unaolingana na miaka hiyo, hawazaliani humo, jambo la kawaida pale ambapo hakuna changarawe inayopigwa na mawimbi wala mto unaoingia.

Kosa kubwa la kiangazi ni kushusha chambo chini mno. Funga kipimajoto kwenye kamba, kishushe mita moja moja, ukikiacha kitulie kila mara. Pale joto linapoanza kushuka zaidi ya nyuzi 1 kwa mita, ndipo linapoanzia tabaka la mpito, lililo kati ya maji ya vuguvugu ya juu na maji baridi ya chini. Baki juu yake. Paiki watafute ukingoni mwa magugu, wolai jua likizama, kwa sababu macho yao huona vizuri kwenye mwanga hafifu.

Mbele ya ndoana ya paiki weka waya wa chuma wa sentimita 30, la sivyo meno yake yatakata mshipi. Bonyeza kimiba cha ndoana kilale, uwe na koleo la mdomo mrefu, na lowesha mikono kabla ya kumshika samaki wa kurudishwa. Maji yakiwa ya moto sana, afadhali uache kuwafuata paiki wakubwa. Hata ukiwaachia upesi, baadhi hufa baadaye.

Kama ziwa lina kina kifupi, uliza habari za majira ya baridi. Theluji nene juu ya barafu huzuia mwanga, mimea inaacha kutoa oksijeni, ile iliyokufa inaoza na kumaliza iliyobaki. Blugili na besi hutangulia kufa, pechi na paiki huvumilia zaidi. Usilifute ziwa kama hilo kwenye orodha yako: pechi walionusurika hupata chakula kingi na hukua haraka.

Paiki wadogo wana safu ya mifupa yenye umbo la Y juu ya mbavu. Wengi huwaloweka kwenye siki yenye chumvi ili mifupa hiyo ilainike. Siki haiui mabuu ya tegu wa samaki, kwa hiyo kama huwapiki, wagandishe kwanza kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7.