Siku ya Columbus: jina hubadilishwaje?

Nchini Marekani, Jumatatu ya pili ya Oktoba ni Siku ya Columbus, baharia Mwitalia aliyefika Amerika mwaka 1492, kwa sheria ya taifa, na Bunge la nchi pekee ndilo linaloweza kuifuta sheria hiyo. Majimbo na miji hailazimiki kusubiri. Jimbo la South Dakota lilibadilisha jina mwaka 1990, siku iwe ya wenyeji wa asili wa Amerika, na mji wa Berkeley ukafuata 1992.

Sababu zimeandikwa wazi. Chini ya utawala wa Columbus katika kisiwa cha Hispaniola, huko Karibi, wenyeji wake Wataino wa miaka 14 na zaidi waliokaa karibu na machimbo walidaiwa dhahabu ya kujaza kengele ndogo kila miezi mitatu. Mito haikuwa na dhahabu ya kiasi hicho, na aliyeshindwa aliadhibiwa. Mwaka 1495 watu wapatao 550 walipakiwa merikebuni wakauzwe Hispania. Karibu 200 walifia baharini. Aliyeyasimamia hayo hastahili sikukuu.

Azimio la mji la kubadili jina hukwama zaidi kwa wakazi wenye asili ya Italia, wanaomwona Columbus kuwa wao, nao wana uchungu wa kweli: mwaka 1891 watu 11 wa asili yao waliuawa na umati New Orleans. Watengewe siku yao katika azimio lilelile. Kisha kalenda za shule na mikataba ya wafanyakazi irekebishwe, la sivyo jina la zamani litaendelea kuchapishwa.