Risiti nilizozipiga pasi

Ilikuwa tarehe 19, saa nne usiku, nami nimesimama jikoni napiga pasi risiti. Mchana wake mwanangu, mwaka mmoja na miezi mitatu, alikuwa amemwaga kikombe kizima cha uji wa ulezi juu ya bahasha ya risiti za mteja wangu wa Kariakoo. Nilizitoa moja moja, nikazifuta kwa kitambaa, nikazianika ukingoni mwa sinki. Hazikauki. Masika ilikuwa imeshika kwelikweli, hata nepi zilikuwa zinalala kambani siku mbili. Nikasema basi, pasi. Nikaweka moto mdogo, nikatandika kanga juu, nikapitisha mara moja tu. Nilipoinua kanga, risiti mbili zilikuwa nyeusi tii, tarakimu zote zimemezwa humo humo.

Mhasibu mzima, miaka saba kazini, nimesahau kwamba karatasi ya mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, haina wino. Mashine inaandika kwa joto, na karatasi yenyewe ndiyo inayobadilika rangi. Ukiipa joto la pasi inabadilika yote.

Moja ya hizo mbili ilikuwa ya mzigo wa vitenge, shilingi 2,360,000, na ndani yake VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, 360,000. Bila risiti halali ya EFD, kodi hiyo ambayo mteja ameshailipa kwenye manunuzi huwezi kumpunguzia kwenye anayodaiwa. Na ritani ya VAT, yaani taarifa ya kodi ya kila mwezi, mwisho wake ni tarehe 20. Yaani kesho yake. Kilichoniokoa ni kijana wa dukani, ambaye ana mazoea ya kupiga picha kila risiti na kumtumia tajiri wake. Saa moja asubuhi alinitumia zote mbili, na namba za uhakiki zinasomeka vizuri. Laiti angekuwa mvivu!

Usiku ule nililia kidogo, halafu nikakumbuka maneno ya mama yangu. Nilipomwambia kwa simu kwamba naacha ajira nifanye kazi nyumbani huku nalea, alinyamaza, kisha akasema: "Kukaa na mtoto ni kazi, mwanangu. Sasa hiyo nyingine utaifanya saa ngapi?" Nilimwona wa zamani.

Nilikuwa nimeajiriwa kwenye ofisi moja maeneo ya Posta, katikati ya Dar es Salaam. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba anapata 3, na mume wangu zake alizimalizia kwenye benchi la wodi. Ukisharudi kazini, sheria hiyo hiyo inakupa hadi masaa mawili kwa siku ya kunyonyesha. Ofisi haikuninyima. Lakini kutoka Posta hadi Tabata Kimanga na kurudi, foleni inayala yote mawili na kudai nyongeza, kwa hiyo nilikuwa nakamua maziwa stoo, katikati ya mafaili, kiti kimeegemezwa mlangoni. Miezi minne nikachoka. Nikaacha, nikachukua wateja wanne wa kuwaandalia hesabu: duka la vitenge, la vipuri, saluni moja, na jamaa wa Ilala mwenye wafanyakazi sita.

Hesabu niliyojipigia ilikuwa hivi, na kwa mhasibu ni aibu kuiandika. Mtoto analala masaa matatu mchana. Jioni baba yake yupo. Usiku ni wangu. Na hela ya dada wa kazi inabaki mfukoni. Kwenye karatasi ilikaa sawa kabisa.

Mtoto hakuiona hiyo karatasi. Siku nisiyo na kazi alikuwa analala mpaka namwendea kumgusa kama anapumua. Siku ya kazi, nikifungua Excel tu, anasimama. Nikajaribu kuamka saa kumi alfajiri. Nikishusha mguu mmoja kitandani godoro linamwambia, naye anaketi, macho makavu, anataka kunyonya. Nikampa sufuria na mwiko achezee sakafuni, ikawa siwezi kupokea simu. Nikaingia kwenye katuni. Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2019 kwamba mtoto wa mwaka mmoja hashauriwi kukalishwa mbele ya skrini, na nilikuwa nalijua hilo huku namwekea ya tatu. Sijisifu, ila siwezi kusema sikuwahi.

Jamaa wa Ilala akaondoka kimya kimya. PAYE zake, yaani kodi ya mishahara, zinatakiwa kila tarehe 7, na mara mbili nilichelewa. Hakugomba. Mwezi wa tatu alikuja mtu na bodaboda kuchukua mafaili, akasema, "Dada, nimeagizwa."

Sasa nikaanza kumwendea mama wa nyumba ya pili. Ni mtu wa Tanga, anakaanga maandazi alfajiri, na saa tatu karai limeshaoshwa.

"Shikamoo mama. Nishikie huyu dakika kumi tu, nipokee simu."

"Marahaba. Mlete."

Dakika kumi zikawa nusu saa, zikawa adhuhuri. Kila nikimfuata nasema asante mama, Mungu akubariki, naye anacheka. Wiki iliyofuata yale mambo ya pasi nilimpeleka tena, akampokea, akamweka mgongoni, akafunga kanga yake vizuri pembe kwa pembe. Kisha akaniambia bila kugeuka: "Mwanangu, asante zako nimeshazijaza debe. Unga bado tunanunua."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikavuta kigoda nikakaa, na simu ya mteja nikaiacha iite. Tulikubaliana palepale: Jumatatu hadi Ijumaa, saa tatu hadi saa sita, shilingi 4,000 kwa siku, nalipa Ijumaa kwa simu. Uji na nepi nakuja navyo mimi. Tarehe 6, 7, 19 na 20 anakaa naye mpaka saa kumi, na hizo siku ni 8,000. Hilo la mwisho alilitaja yeye. Alikuwa ameshaniona sura yangu inavyokuwa tarehe hizo.

Baada ya kuondoka pale nilifanya hesabu ambayo ningeifanya kwa mteja yeyote siku ya kwanza. Siku 22 kwa 4,000 ni 88,000, ongeza 16,000 za siku nne ndefu, 104,000. Jamaa wa Ilala alikuwa ananilipa 150,000 kwa mwezi. Nilikuwa nimepoteza laki na nusu ili niokoe laki na elfu nne, na juu yake nilitaka kusifiwa kwa kubana matumizi.

Tangu hapo masaa yale matatu ni ya tarakimu, basi. Hakuna vyombo, hakuna kufua, hata bodaboda wa risiti nimemwambia aje baada ya saa sita. Kazi inayovumilia mtoto nimeihamishia alasiri: kusikiliza ujumbe wa sauti, kupiga simu kudai kilichopungua, kupanga risiti kwa tarehe. Nampeleka mgongoni huku na huku, sufuria ya maharage jikoni, simu begani. Mwanzoni nilikuwa nakimbilia chooni wateja wasimsikie. Siku moja akapiga kelele katikati ya maongezi na mzee wa vitenge, nami nikaanza kuomba radhi. Mzee akanikatiza: "Mjukuu wangu analia nini? Hebu mpe simu." Siku hizi akipiga, dakika ya kwanza ni yao wawili. Sijui wanaambiana nini, ila mtoto anamwitikia. Nimegundua wateja hawajali kelele za mtoto hata kidogo, wanachokijali ni tarehe.

Baba mtoto naye ilibidi tukae. Sikuwa na ugomvi naye, ila alikuwa anarudi saa moja usiku anauliza, "Nikusaidie nini?" Sasa mtu mwenye jedwali la madeni ya mteja kichwani akuandikie orodha ya kumwogesha mtoto wako? Tukaamua siku za karibu na tarehe 20 haulizi. Anaogesha, analisha, anatoka naye mpaka dukani kwa mangi wanakaa kwenye kreti za soda. Wanarudi saa tatu mtoto amelala begani, ameshika biskuti ambayo sikuiruhusu. Nanyamaza. Biskuti moja kwa masaa mawili, bei nzuri.

Na risiti? Zikifika tu nazipiga picha palepale mlangoni, kabla hata bodaboda hajageuza pikipiki. Karatasi zenyewe zinakwenda kwenye kopo la maziwa juu ya kabati, mbali na uji na mbali na dirisha, maana jua nalo linazififisha. Bando linaisha upesi zaidi, ndiyo gharama yake. Zile mbili nyeusi ninazo bado. Mwanangu anazipenda, anazikunja anakuja kunikabidhi kwa heshima zote, nami nazipokea.

Umeme ukikatika nina masaa mawili ya chaji kwenye kompyuta. Mtoto akiwa na homa sina mpango wowote. Mwezi uliopita alishikwa tarehe 5, hakutaka mgongo wa mtu mwingine zaidi ya wangu, na PAYE za duka la vipuri niliziandaa usiku wa kuamkia tarehe 7 nimesimama, kompyuta juu ya friji, yeye amelala mgongoni. Friji ni refu kidogo, nilipanda kwenye kreti.

Sasa mama wa maandazi ananiambia mwezi ujao anakwenda Tanga kwa binti yake aliyejifungua, wiki tatu, na tarehe 20 imo humo humo. Nimeshamlipa nauli kama zawadi, na nimeshawapigia wateja walete risiti mapema. Mzee wa vitenge amesema ataleta Jumatatu. Namfahamu, Jumatatu yake ni Alhamisi. Kwenye kalenda yangu nimemwandikia Alhamisi.