Maneno Uliyomtia Mwenzako Kinywani

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu.

Ijumaa hii nawaletea mtu ambaye wengi wenu mnaijua sura yake ila jina hamlijui. Kama uliangalia picha za Kihindi za miaka ya 1980 na 1990, umemwona. Sauti nzito, macho makali, leo ni adui, kesho ni baba mkwe mroho wa mali, keshokutwa anachekesha mpaka mbavu zinauma. Huyo ndiye Kader Khan. Ameonekana katika filamu zaidi ya 300, lakini sijamleta kwa ajili ya uigizaji wake. Nimemleta kwa sababu mengi ya maneno aliyokuwa akiyasema Amitabh Bachchan, yale yaliyowafanya watu wapige miluzi ukumbini, yalitoka kwenye kalamu ya mzee huyu. Steringi alisema, yeye aliandika.

Yupo atakayeuliza sinema zimeingiaje kwenye tafakari ya Ijumaa. Namwomba avute subira.

Kader Khan alizaliwa Kabul, Afghanistan. Kabla yake kaka zake watatu walifariki wakiwa wadogo, na mama yake akaingiwa na hofu kwamba huyu naye angemponyoka. Wakahamia Bombay, wakaangukia Kamathipura, mtaa wa madanguro, ulevi na ufukara. Baadaye wazazi wakaachana. Mwenyewe alisimulia kwamba siku moja wenzake wa mtaani walimshawishi aache shule akafanye kibarua kiwandani. Anateremka ngazi aende zake, mkono ukamshika bega. Ni mama. Akamwambia: hizo rupia tatu unazozifuata zitabaki kuwa rupia tatu maisha yako yote, ukitaka umaskini huu ututoke, soma. Akarudi juu.

Mama huyo huyo alikuwa akimtuma msikitini, naye akikata kona anaingia makaburini, makaburi ya Mayahudi yaliyokuwa jirani na kwao. Usiku, peke yake, anakaa katikati ya makaburi na kuyasema kwa sauti yote aliyoyasikia mchana: mlevi alivyotukana, mwenye duka alivyobembeleza. Mtu mmoja wa michezo ya jukwaani, Ashraf Khan, akapata habari zake, akampa nafasi ya kuigiza.

Simsifu mtoto aliyetoroka swala. Ila mahali penyewe pananivuta. Mtume, rehema na amani zimshukie, alituamrisha tuyazuru makaburi kwa sababu yanakumbusha Akhera, na wengi wetu tukifika huko tunanong'ona. Huyu alikwenda kupaza sauti mbele ya watu wasioweza kumpigia makofi wala kumzomea. Nadhani ndiyo maana baadaye alipoandika juu ya huzuni, hakuandika kama mtu anayeitafuta. Katika filamu ya Muqaddar Ka Sikandar ya mwaka 1978, yeye mwenyewe ndiye fakiri anayemkuta mtoto analia juu ya kaburi, akamfundisha kuicheka huzuni, kwa kuwa furaha huja na kuondoka bali huzuni haimwachi mtu. Maneno hayo ni yake, na aliyasema kwa kinywa chake mwenyewe.

Shule aliisoma kweli. Alipata uhandisi wa ujenzi na mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa mwalimu katika chuo cha M. H. Saboo Siddik, Byculla, huku jioni akitunga na kuigiza tamthilia. Mwigizaji Dilip Kumar alimwona jukwaani akampa nafasi kwenye filamu. Kisha mwongozaji Narender Bedi akamtaka aandike mazungumzo ya filamu ya Jawani Diwani, iliyotoka 1972. Alisimulia kwamba alikwenda kukaa uwanja wa Cross Maidan, watu wanacheza mpira pembeni, akamaliza kwa saa chache, akalipwa rupia 1,500. Halafu akaja mwongozaji mwingine, Manmohan Desai, mtu wa maneno makavu, akamwambia kwamba asipoyapenda atakayoandika atayachana na kuyatupa mtaroni. Aliyapenda. Akamlipa rupia 121,000.

Ukitaka kujua alimpa nini Desai, chukua filamu ya Amar Akbar Anthony ya 1977. Ndugu watatu wamepotezana utotoni, mmoja akalelewa Uhindu, mmoja Uislamu, mmoja Ukristo. Anthony, aliyeigizwa na Amitabh, haongei Kihindi cha vitabuni. Anaongea lugha ya vichochoro vya Bombay, ya watu ambao Kader Khan alikuwa akiwaigiza makaburini. Watu wale ambao hakuna aliyewasikiliza, lugha yao ikaenda kutoka kinywani mwa nyota mkubwa kuliko wote India.

Na huku kwetu? Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam watu walijaza kumbi kuziangalia picha hizo, wengine wakizikariri bila kujua Kihindi. Walioziona baadaye kwenye vibanda vya video, kwa sauti ya mfasiri kama Lufufu, waliongezewa mtu wa tatu: steringi anafungua mdomo, mwandishi yuko nyuma yake, na mfasiri naye anachomeka utani wake. Neno moja, vinywa vitatu.

Sasa swali langu la wiki hii: neno kama hilo linaandikwa katika daftari la nani?

Tunasoma katika Surat Qaf, aya ya 18, kwamba mtu hatamki neno lolote ila yupo mbele yake mwangalizi aliye tayari. Na katika hadithi aliyoipokea Bukhari kutoka kwa Abu Hurayra, mja huweza kusema neno asilolijali, likamtumbukiza motoni. Tumezoea kuzisoma hizi kwa ajili ya ulimi wetu wenyewe. Lakini yapo maneno tunayoyatia ndimi za wengine. Mgeni anabisha hodi, wewe upo chumbani, unamwambia mwanao, "Nenda kamwambie baba hayupo." Mtoto anakwenda, anasema, anarudi. Ulimi ni wake. Uongo ni wa nani? Vivyo hivyo mshenga anayepelekwa na sifa za uwongo za bwana harusi, karani anayeandikiwa barua asaini, na ujumbe wa simu unaoutuma kwa watu mia ukiwa na matusi ya mtu mwingine. Kwa maoni yangu, kumtumia mtoto ni kubaya kuliko kusema mwenyewe, maana umefanya makosa mawili: umedanganya, na umemfundisha.

Kader Khan aliyaonja haya nyumbani kwake. Kwa miaka mingi alicheza maadui wabaya wabaya, mpaka siku moja mwanawe akarudi nyumbani nguo zimechanika. Alipigana na watoto waliomtania kwamba mwisho wa picha baba yake hupigwa. Alisimulia kwamba hiyo ni moja ya sababu zilizomwelekeza kwenye vichekesho, na filamu ya Himmatwala ya 1983 ikamfungulia njia. Vichekesho hivyo si vyote vilivyokuwa salama. Baadhi ya vile vya miaka ya 1990 vina utani wa kufichaficha ambao mimi nikiwa na watoto sebuleni nazima. Lazima tuyaseme na haya, kwa sababu kumrehemu marehemu si kumpaka mafuta.

Surat Ash-Shu'araa inawataja washairi wanaosema wasiyoyatenda, kisha aya ya 227 ikawatoa wale walioamini, wakatenda mema na wakamkumbuka Mwenyezi Mungu kwa wingi. Mlango umeachwa wazi, hata kwa mwenye kalamu. Mzee huyu, umri umekwenda na jina ameshalipata, alikaa tena chini kama mwanafunzi akasoma Kiarabu katika Chuo Kikuu cha Osmania, Hyderabad, kisha akashughulika na kuwafundisha watu lugha ya Qur'ani. Hatujui kilichokuwa moyoni mwake, wala si kazi yetu. Tunachokiona ni mtu aliyewaandikia wengine maneno miaka mingi, akarudi kujifunza maneno ambayo hakuyatunga yeye.

Alifariki Toronto, Kanada, tarehe 31 Desemba 2018, kwa ugonjwa wa ubongo ambao humnyang'anya mtu mwendo, kumeza na usemi. Mwezi uliofuata serikali ya India ikatangaza kumtunuku nishani ya Padma Shri, mwenyewe akiwa ameshazikwa.

Ewe Mola, mrehemu mja wako Kader Khan. Msamehe maneno yake yaliyomharibu mtu, umlipe kwa yale yaliyomfariji aliyekuwa analia, nasi utusamehe tuliokariri yote mawili tukicheka. Amin.