Karatasi za fundi cherehani

Tororo, Uganda, Jumapili jioni.

Viti vya kukodi vimerudishwa, turubai limeshushwa, na sasa familia ya marehemu fundi cherehani inataka kuandika maisha yake upya kwa ajili ya misa ya kumbukumbu. Yale yaliyosomwa kaburini yalikwisha kwa dakika mbili: alizaliwa, alisoma hadi darasa la saba, alioa, aliugua, akafariki. Kosa si la msomaji. Wasifu wa msibani siku hizi tunauandika kwa kiolezo cha mkubwa wa ofisi, yaani shule, shahada, vyeo na makamati, na aliyekula ujana na uzee kwenye baraza la duka akishona sare na gomesi, yale magauni marefu ya heshima ya wanawake, hana cha kujaza humo. Karatasi zake lakini ni tele.

Zimo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Mjane ndiye afungue, watoto wakiwepo, na mmoja aandike kila kinachotoka. Zipangwe kwa mwaka, wala si kwa aina, maana ukizipanga kwa aina unapata mafungu ya risiti, na ukizipanga kwa mwaka unaanza kumwona mtu. Pini zilizoshika kutu zinyanyuliwe kwa kisu butu, ukizivuta zinatoka na kona ya karatasi. Zile slipu za benki zilizochapwa kwenye karatasi laini inayong'aa zipigwe picha siku hiyo hiyo, kwa sababu wino wake ni wa joto na unafifia wenyewe. Zisipelekwe kuwekewa plastiki ya moto, zitatoka nyeusi tititi. Watu wengi wamepoteza ushahidi wa karo kwa njia hiyo, wakidhani wanautunza.

Kisha tafuta tiketi za kodi ya kichwa. Vijana hawaijui, ilifutwa mwaka 2005, lakini kwa mwanaume wa rika lake ilikuwa ndiyo pasi ya kutembelea. Ukikutwa kwenye kizuizi cha barabarani huna, unalala ndani. Kiasi cha kodi kilipangwa kwa kukadiria mali na kipato cha mtu, kwa hiyo ukizipanga tiketi mfululizo unaona jinsi watoza kodi walivyomtazama: mwaka huu amepanda daraja, mwaka ule ameshuka. Mwaka alioshuka uliza mkewe kulikuwa na nini. Mara nyingi kuna ugonjwa, au mashine imeuzwa. Mwaka usio na tiketi kabisa nao una habari yake, ama hakulipa na alikuwa akipita njia za panya, ama karatasi imepotea. Usiandike lolote kabla ya kuuliza.

Mwaka wa kuzaliwa utawasumbua. Kitambulisho cha taifa, kilichoanza kuandikishwa kwa wingi 2014, kina tarehe moja, kadi ya ubatizo ina nyingine, na tiketi ya kodi ina makisio ya karani. Kama alibatizwa mtoto, kadi ya ubatizo ndiyo iliyo karibu na ukweli. Kama alibatizwa mtu mzima, nayo ni makisio tu. Kwenye wasifu andikeni "takriban". Kwenye kusajili kifo kule NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili, msiwe wabishi, tarehe na herufi za jina zifuate kitambulisho, la sivyo cheti kitatoka na jina ambalo benki haitalitambua.

Kwenye pesa ndipo wasomaji wa wasifu huchekwa. Makubaliano ya kiwanja ya mwaka 1985 yanaweza kutaja shilingi laki tatu, na mtoto akasoma kwa fahari kwamba baba alikuwa tajiri. Mwezi Mei 1987 pesa ilibadilishwa, sifuri mbili zikakatwa, shilingi 100 za zamani zikawa moja mpya, na juu yake serikali ikachukua asilimia 30 ya fedha zilizobadilishwa. Laki tatu ile ni 3,000 mpya kabla ya makato. Wekeni mwaka kando ya kila kiasi. Wazee waliokuwa na akiba ndani ya godoro mwaka ule watawaelewa hata bila maelezo.

Kitu kimoja ningekitoa kwenye sanduku kwa mikono miwili: daftari la vipimo. Kifua, kiuno, mabega, urefu wa mkono, jina la mteja, bei, kilichobaki. Ndani yake umo mji mzima. Kurasa za mapema 1997 zina sare kwa wingi, kwa kuwa ndipo elimu ya msingi ya bure ilipoanza, kwanza kwa watoto wanne wa kila familia, na karo ilifutwa ila sare haikufutwa. Gomesi inakula karibu mita sita za kitambaa. Ukikuta gomesi nne za rangi moja wiki moja, hiyo ni harusi au matanga, na majina yatakwambia ya nani. Tazama safu ya "kilichobaki". Penye mstari uliokatwa bila tarehe ya malipo, alisamehe. Hapo ndipo pa kuandika habari zake, kwa mfano mmoja au miwili, bila kumtaja mdeni.

Madaftari ya hospitali, yaani yale madaftari ya kawaida ya shule ambamo daktari aliandika ugonjwa wake, yasisomwe hadharani. Funga na kamba, mpe mjane.

Orodha ya watoto iandikwe kabla ya sifa zote. Wote, pamoja na wa nje. Ukimwacha mmoja, atasimama mwenyewe achukue maikrofoni, na baada ya hapo hakuna atakayekumbuka mlichosoma. Kuna na sababu ya sheria. Asiyeacha wosia, mali yake hugawiwa kwa sheria ya mirathi iliyorekebishwa 2022: watoto asilimia 75, mjane 20, wategemezi wengine 4, mrithi wa kimila 1, na nyumba waliyoishi mjane habanduliwi. Watoto wa nje wamo kwenye ile 75. Wasifu uliochapwa nakala mia na kugawiwa kanisani huja kutolewa mahakamani kuonyesha kwamba familia ilimjua au ilimficha.

Madeni nayo. Ni desturi msibani kutangaza kwamba anayedai au kudaiwa amwone mzee wa familia. Vizuri, ila siku hiyo mwandike jina, kiasi, tarehe na shahidi, basi. Msilipe wala msipokee. Mpaka mahakama itoe barua za usimamizi wa mirathi, na kabla yake ile hati ya kutopinga kutoka kwa Msimamizi Mkuu wa serikali, hakuna mwenye mamlaka juu ya mali hiyo, na kuigusagusa ni kosa. Safari huanza na barua ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, kwa hiyo hata kama alisahauliwa kwenye mabugo, ile michango ya rambirambi, asisahauliwe hapo.

Simu yake ya tochi iendelee kuchajiwa. Msitoe laini mkampa kijana wa nyumbani aitumie. Namba zilizomo ni za wateja wenye vitambaa vyao bado dukani, na laini ikikaa kimya miezi mingi hukatwa, namba akapewa mtu mwingine. Nakilini majina yote kwenye daftari, pigeni moja moja, mwambie mwenye nguo aje na kile kikaratasi cha vipimo. Asiye na kikaratasi, daftari linalo jina lake na urefu wa mkono wake, mpimeni hapo hapo barazani.