Siku tuliyopima joto la kiroba

Ilikuwa Machi, kilele cha msimu wa majani ya chai huku Nyanda za Juu Kusini. Ripoti ya dalali wa mnadani Mombasa ilirudi kiwandani kwa wiki ya tatu na maneno yale yale: kikombe kimepoa, yaani chai haina uchangamfu mdomoni, na majani yaliyobaki kwenye birika hayang'ai. Chai hiyo hiyo ilikuwa imefaulu maabara. Kiwango cha kimataifa cha chai nyeusi, ISO 3720, kinataka kinachoyeyuka majini kisipungue asilimia 32, majivu yawe kati ya 4 na 8, na nyuzinyuzi zisizidi 16.5. Yetu ilipita kote. Lakini kipimo hicho kinathibitisha tu kwamba kilichomo gunijani ni chai. Kama kitagombewa na wanunuzi au kitabaki bila mnunuzi, hilo huamuliwa na ulimi wa mwonjaji.

Lawama zikaenda kwa wachumaji, kama kawaida. Bwana shamba akatumwa kwenye vituo vitatu kuhesabu majani. Kazi hiyo ikifanywa kivivu haina maana: lazima uchote konzi kutoka viroba vingi, hasa chini na katikati maana juu ndiko yanakopangwa mazuri, uchanganye, ugawe mafungu manne, uchukue moja na kulipunguza hadi gramu 100. Kisha unatenga. Upande mmoja jani moja au mawili na chipukizi, matatu yakiwa bado laini, na banji laini, yaani tawi ambalo chipukizi lake limelala. Upande wa pili majani manne, banji gumu linalokatika kwa sauti, na majani magumu yaliyo peke yake. Kiwanda kilitaka mazuri yafike 70 kwa 100. Vituo vyote vitatu vilivuka.

"Bwana meneja, vidole vya akina mama havina kosa," akasema. Meneja hakufurahi, kwa sababu sasa ilibidi tutazame ndani.

Ndani hatukuona kubwa. Majani yalinyaushwa, yaani yalipunguzwa maji hadi unyevu wa asilimia 70 hivi, meno ya rola za kusagia yalikuwa yamenolewa, na chai ilitoka kwenye kikaushio ikiwa na unyevu wa 3. Kitu kimoja tu kilitushangaza. Kwenye uchachushaji, pale majani yaliyosagwa yanapoachwa yabadilike kwa hewa, ambao kwetu ulichukua kama dakika 90, unga uligeuka kahawia kabla ya dakika 50. Msimamizi wa zamu alidhani chumba kina joto, akaongeza ukungu wa maji baridi. Haikusaidia, kwa sababu safari ya kuchacha ilikuwa imeanza mahali pengine.

Jioni ile tulisimama mapokezi wakati lori linashusha. Mtu mmoja akazamisha mkono kwenye kiroba hadi kwenye kiwiko, akautoa haraka, akaunusa. Ulinukia matunda yaliyoiva kupita kiasi. Tukachomeka kipimajoto kirefu: pembeni nyuzi 27, katikati 41. Kiroba chenyewe kilikuwa na kilo 22, tena cha mbolea, kile kilichofumwa kwa plastiki kisichopitisha hewa.

Jani lililochumwa bado linapumua, na linapopumua linatoa joto. Likitandazwa, joto linaondoka. Likishindiliwa, linakaa na kuongezeka. Ukivuka nyuzi 35 unaanza kuliumiza. Utando wa seli unapasuka, vimeng'enya vinakutana na polifenoli, kemikali asilia za jani, na uchachu unaanza humo humo, ovyo, sehemu hii ukiwa mbali na ile haujaanza. Rola haiwezi kusawazisha hilo. Theaflavini, ambazo ndizo huleta mng'ao na ukali wa kikombe, zinapungua. Rangi nzito inabaki. Ndicho dalali alichokuwa anatuandikia kila wiki. Nasi hesabu yetu ya majani ilipima umbo tu; jani likiwa limepikika kidogo bado linahesabika kuwa zuri.

Chanzo kilikuwa matope barabarani. Lori lilikuwa linapiga mzunguko mmoja badala ya miwili, hivyo jani lililochumwa saa mbili asubuhi lilikuwa linasubiri kituoni hadi saa kumi na moja jioni, juani, na watu wamelikalia kama kochi.

Meneja alitaka ushahidi. Kesho yake tukachukua majani ya shamba moja, tukayagawa: kilo 20 zikashindiliwa kwenye kiroba cha mbolea, kilo 20 zikagawanywa kwenye mifuko miwili ya wavu na kuning'inizwa kivulini. Saa tano baadaye tuliyanyausha kwenye mahori mawili tofauti, yale yenye wavu na feni chini, tukayasaga ya kwanza asubuhi, rola zikiwa safi. Tukaonja kwa utaratibu wa kawaida: gramu 2 kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, dakika 6, bila maziwa kwanza. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kipi ni kipi. Majani ya birika la kwanza, la kiroba, yalikuwa na rangi ya udongo. Ya pili yalikuwa kama sarafu mpya ya shaba.

Amri ikatoka: mifuko ya wavu, kilo 10 hadi 12, isikanyagwe, na kwenye lori itundikwe kwa kulabu. Wiki ya kwanza ilikuwa vurugu. Mifuko haikutosha, viroba vya mbolea vikarudi. Dereva akanung'unika kwamba anachoma dizeli kubeba hewa, na kwa hesabu ya kilo kwa safari alikuwa sahihi. Wakulima nao waliuliza swali la haki: kama bei ya kilo ni ile ile, anayetunza anapata nini? Hatukuwa na jibu la fedha. Tulichoweza ni kumpa karani kipimajoto, akifunge kwa kamba kwenye mzani, na kiroba chochote kinachovuka 35 kimwagwe na kutandazwa papo hapo mbele ya mwenyewe kabla ya kupimwa. Aibu hiyo ilifanya kazi kuliko waraka.

Ripoti ya dalali ilibadilika baada ya wiki kadhaa. Neno "kimepoa" likaondoka. Kituo kimoja tu, kilicho mbali kuliko vyote na kisicho na paa, kiliendelea kuleta mifuko yenye joto hadi kilipoezekwa kwa nyasi mwezi wa tano, mvua zikiwa tayari zinakatika.