Siku moja darasa la kwanza: watoto 80, kila mmoja asikike

Saa 12:40 asubuhi. Ubao uwe tayari kabla ya kengele ya mstarini. Kushoto naandika silabi za leo, ka ke ki ko ku, na chini yake zilezile zikiwa zimevurugwa: ki, ku, ka, ke, ko. Mstari wa pili ndio wenye kazi. Mtoto aliyezoea kuimba silabi kwa mpangilio, mdomo wake hutangulia macho. Mwonyeshe "ko" peke yake, ataanza kunong'ona tangu "ka" mpaka aifikie.

Saa 2:00. Kusoma, dakika 30. Dakika 5 za mwanzo ni za masikio tu. Natamka neno, wanapiga kofi kwa kila silabi. Kuku, mawili. Mtoto, matatu, na hapa wengi hupiga mawili kwa sababu "m" imesimama bila irabu. Mbuzi je? Mawili: mbu-zi. Zoezi hili likirukwa, "mtu" huandikwa "tu" na mwandishi haoni kosa.

Dakika 10 zinazofuata ni za sauti ya herufi, si jina lake. Aliyekaririshwa "kei" atasoma kei-u-kei-u, na kuku hatamwona.

Dakika 15 zilizobaki zina thamani kuliko zote. Makundi 8 ya watoto kumi kumi: saba yanaunda maneno kwa vizibo vya soda vilivyoandikwa silabi kwa kalamu ya wino usiofutika, na moja linakuja mbele. Kila mtoto ananisomea peke yake kwa dakika moja hivi, silabi tano na maneno mawili. Daftarini naweka alama: vema kwa anayesoma bila kusita, nukta kwa anayeunganisha polepole, duara kwa asiyetambua. Kwa siku 8 za masomo darasa zima limesikika. Sauti za pamoja ni nzuri kwa kuchangamsha, ila humficha asiyejua. Anaweza kufika darasa la pili akifuatisha midomo ya jirani.

Saa 2:30. Kuandika. Herufi b huanza na mti, kisha tumbo. Herufi d huanza na tumbo, kisha mti. Zifundishwe wiki tofauti. Wachore kwanza hewani, halafu kwenye mchanga, daftari lije mwisho.

Saa 4:00, uji. Wenye duara wanarudi dakika 15 kabla ya wenzao, na kadi zilizochanganywa. Wasizidi 6, wakizidi kwaya inarudi.

Saa 4:30. Kuhesabu. Kosa la kila mwaka: 14 huandikwa 104, kwa kuwa sikio limesikia kumi, kisha nne. Mtoto ameandika alichosikia, basi asikaripiwe. Anafunga vijiti 10 kwa mpira, anaweka 4 pembeni, kisha anachukua kadi ya "10" na kadi ndogo ya "4". Ya 4 inalala juu ya sifuri. Akiifunua, sifuri bado ipo chini. Kadi ya 4 iwe nusu ya upana wa ile ya 10, la sivyo itafunika na moja.

Saa 6:00 wanaondoka. Nasahihisha madaftari, kisha naandika andalio la somo la kesho kufuata alama za leo: nukta zikizidi nusu ya kundi, "k" inarudiwa, hata kama azimio la kazi, yaani mpango wa ufundishaji, linataka herufi mpya. Kitabu kisichofika shuleni hutafutwa Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania.

Saa 8:00, walimu tunakutana katika jumuiya ya ujifunzaji, chini ya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini). Mada moja tu, na daftari la alama mezani. Leo ni duara 9 za "k": nani kati yetu aje asikilize kundi la tano kesho saa 2:15, na nani amshikie darasa lake.