Wino Mwekundu

Julai ile Moshi ilikuwa mawingu matupu, Kibo hatukuuona wiki nzima. Nilikuwa mwanafunzi wa maabara kwenye mafunzo ya vitendo, na mzee aliyetusimamia alinipa kazi ya kupanga aina za hadubini. Nikazipanga kwa ukuzaji: za kawaida chini, za elektroni juu kabisa.

Akasoma, akatikisa kichwa. "Mwanangu, umepanga namba. Jiulize kwanza, ni kitu gani kinakuletea picha?"

Tukaanza upya. Zipo za mwanga, nazo zina ndugu wengi: ya kawaida, inayotaka sampuli itiwe rangi, ile ya mwanafizikia Frits Zernike, inayoonyesha chembe hai bila rangi yoyote, na ya floresenti, ambayo rangi yenyewe ndiyo inayowaka. Lakini mwanga una mpaka wake. Vitu viwili vikikaribiana kuliko nanomita 200 hivi, unaona kimoja, hata ukikuza vipi. Ndiyo maana wahandisi Ruska na Knoll, Berlin mwaka 1931, waligeukia elektroni badala ya mwanga; hilo ni kundi la pili. Kundi la tatu halimuliki kabisa. Ncha ya sindano hupita juu ya kitu ikikipapasa, kama kidole cha kipofu kwenye maandishi ya nukta.

"Lakini mzee, inayokuza zaidi si ndiyo inayoona zaidi?"

Hakunijibu. Asubuhi ile nilikuwa nimesoma slaidi ya makohozi kwa Ziehl-Neelsen, rangi zinazoonyesha bakteria wa kifua kikuu kama vijiti vyekundu: tone la mafuta, lenzi ya mia, ukuzaji mara 1,000, eneo baada ya eneo hadi mia moja. Bluu tupu, hakuna kijiti chekundu hata kimoja. Kwenye karatasi yangu niliandika: hakuna. Sasa akaleta slaidi ya pili ya makohozi yale yale, iliyotiwa auramini, rangi ya floresenti, akazima taa, akanikalisha kwenye hadubini ya floresenti. Ukuzaji mara 400 tu.

Giza. Kisha pembeni kabisa nikaona kijiti chembamba, kimepinda kidogo, manjano ya kijanikijani, kama kimulimuli kihambani umeme ukikatika. Nikasogeza slaidi. Kingine. Kila eneo lilikuwa pana kuliko ya asubuhi, na jicho halikuhangaika, kwani kilichong'aa ndicho nilichokitafuta. Nilipofika mwisho wa mstari nilikuwa nimehesabu saba.

Mikono ikanitetemeka. Mwenye makohozi yale angeambiwa hana kifua kikuu.

"Hesabu tena," mzee akasema, taratibu.

Saba. Akainama, akatazama mwenyewe, kisha akanisogezea rejista na kalamu ya wino mwekundu, ile ya majibu chanya.